Nilikula Tambuu, Nikalewa

Likoni,
28 Machi 1961

Kwa Bwana Gona Mramba, karani mkalimani wa korti.

Bwana karani,

Hunijui, nami sikujui ila kwa sauti. Jumatano iliyopita nilikuwa benchi la nyuma, ndani ya buibui, wewe ukisimama kati ya hakimu wa Kizungu na mume wangu, Matano bin Rama, dereva wa lori la Bwana Bakari. Kesi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Sauti yako niliisikia. Yake sikuisikia, maana alinipa kisogo na alikuwa akisema chini chini. Nilipoinuka kutoka, amekwisha kupewa miezi minne na leseni imechukuliwa.

Watu wa hapa wanasema Matano alikunywa pombe mwezi wa Ramadhani, saa ya kufuturu, akashuka na lori kwenye feri akamvunja mguu mtu wa watu aliyesimama na baiskeli yake. Idi ameila rumande. Baba yangu, Mzee Mwidani, ameniletea maneno mara mbili kwamba hana mkwe mlevi, niende kwa kadhi nikadai talaka yangu.

Nimekaa na Matano miaka tisa, sijapata kumnusa pombe. Lakini pia nilidhani najua anakokwenda jioni, kumbe sijui.

Nataka mambo mawili. La kwanza, uniambie alisema nini kwa kinywa chake. La pili, hapa chini nimenakili, herufi kwa herufi, maneno ya Kiingereza niliyoyakuta mahali. Yameandikwa kwa wino mwekundu, na mwandiko ni wa mwanamke. Nifasirie kama yalivyo. Usinilainishie.

Ni mimi,
Mwanatabu binti Mwidani


Mombasa,
4 Aprili 1961

Kwa Bibi Mwanatabu binti Mwidani, Likoni.

Bibi,

Barua yako nimeipokea. Si kawaida kwa karani wa korti kujibu barua za namna hii, na naomba hii isionyeshwe mtu.

Kuhusu kesi: mshtakiwa alisomewa shtaka akakubali. Wewe umeandika “alikunywa pombe”. Kiingereza cha sheria hakisemi hivyo. Husema mtu aliendesha gari akiwa chini ya nguvu za kinywaji, hata asiweze kulitawala gari sawasawa. Yako makosa mengine yaliyo madogo zaidi, kama kuendesha bila uangalifu, lakini hayo siyo aliyoshtakiwa. Alipoulizwa, alikubali. Mtu akikubali, korti haiiti mashahidi, wala daktari haulizwi kitu.

Kuhusu maneno uliyonakili: la kwanza maana yake, “Dereva huyo hakusimama alipoonyeshwa mkono na askari.” La pili, “Alipinda kulia bila kutoa ishara.” La tatu, “Vizuri sana. Sasa andika tena bila kutazama.” Sioni ubaya wowote ndani yake.

Nakushauri uiachie kesi hapo.

Wako mtiifu,
G. Mramba


Likoni,
7 Aprili 1961

Babake Mwanarusi,

Najua barua hii itasomwa na askari jela kabla yako. Na wasome.

Nimekuta daftari chini ya godoro upande wako. Nani huyo mwanamke wa wino mwekundu anayekwambia vizuri sana, fanya tena bila kutazama? Jumatatu, Jumatano na Alhamisi ulikuwa ukiniambia umechelewa kupakua mizigo. Bwana Bakari mwenyewe ameniambia lori lilikuwa likilala uwanjani tangu saa kumi na moja. Faki wa basi amesema alikuona Kisauni, akacheka, akakataa kusema zaidi.

Nijibu hilo. Kisha nijibu kama ulikunywa au hukunywa. Mtoto ameniuliza mlevi ni mtu gani. Amelitoa chuo cha Kurani, kwa wenziwe.

Mwanatabu


Gerezani,
20 Aprili 1961

Mke wangu Mwanatabu,

Assalaam alaykum. Nimepewa karatasi moja tu, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Mwanamke wa wino mwekundu ni Mwalimu Dorcas wa Kisauni. Ni mjane, umri wa marehemu mama yangu, na miwani yake ameifunga kwa uzi. Anatufundisha Kiingereza barazani kwake, madereva watatu: mimi, huyo huyo Faki aliyekucheka, na mtu mmoja wa Changamwe. Disemba askari mmoja wa barabarani aliniandikia karatasi ya Kiingereza nikatia sahihi. Kumbe nimekiri kwamba sikuwa na taa, na taa zilikuwa zikiwaka mbele yake na yangu. Nikasema sitatia tena mkono wangu kwenye kitu nisichokisoma. Basi tukawa tunajifunza makosa ya barabarani, moja moja, jinsi yanavyoandikwa na polisi. Sikukwambia kwa kuona haya. Mtu mzima, ndevu zina mvi, kukalishwa mkekani na kuambiwa sema kushoto, sema kulia. Kwenye ulevi hatukuwa tumefika.

Pombe sikunywa, wallahi. Yule askari aliyechukua maelezo yangu ni mtu wa bara, alikuwa na haraka, na mtu aliyeumia alikuwa akipiga kelele. Nilimwambia: nilikula tambuu, nikalewa. Akaandika kwa Kiingereza. Nikatia sahihi tena, mjinga mimi, kwa kuwa macho yangu yalikuwa bado yanazunguka. Na kortini karani aliponiuliza, “Ulilewa?” nikasema, “Naam, nililewa, lakini…” Akaniambia, “Basi, inatosha.”

Sasa nami nina la kukuuliza. Mimi ni mtu wa tambuu tangu ujana wangu. Jioni ile nilifungua kinywa kwa tende moja na maji ndani ya feri, nikatia mdomoni ile tambuu uliyonifungia kwenye kitambaa, jani na popoo na tumbaku yake. Ilikuwa chungu, na si uchungu wa popoo ninaoujua. Feri ilipogusa gati nikaona mlango wa mbele ni miwili. Mguu ukatafuta breki usiione.

Ndani mlikuwa na nini, Mwanatabu?

Mumeo,
Matano


Likoni,
27 Aprili 1961

Bwana karani,

Ulinishauri niiachie hapo. Siiachii.

Mume wangu amenipa maneno aliyomwambia askari: “Nilikula tambuu, nikalewa.” Wewe ni mtu wa huku, jina lako linasema. Bibi yako bila shaka alikuwa na kijaluba chake cha kuwekea tambuu. Unajua tumbaku ya tambuu ikimkuta mtu na njaa hulevya, na unajua sisi husema tumelewa chombo baharini, tumelewa jua, tumelewa harufu ya rangi, wala hakuna chupa mahali. Angalia faili. Nitazamie askari aliandika neno gani pale mume wangu aliposema tambuu.

Na jingine. Alisema “lakini” mbele ya hakimu, ukamkatiza. Kwa nini? Bwana Bakari alikupa chochote? Maana dereva akiwa mlevi hakuna atakayefunua breki za lori lake kutazama. Nakuuliza kwa adabu, lakini nakuuliza.

Mwanatabu binti Mwidani


Mombasa,
3 Mei 1961

Bibi Mwanatabu,

Nimelitazama faili wakati wa chakula cha mchana. Maelezo ya polisi ni mistari minne ya Kiingereza. Mstari wa tatu unasema kwamba alitumia “tembo” na akawa “drunk”. Hilo “tembo”, yaani pombe, limeandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili, na alama za kunukuu. Hilo la pili kwa Kiingereza ni mlevi wa kinywaji, halina mlango mwingine. Wa kizunguzungu wana neno lao, “giddy”, na halimo.

Yamkini askari alisikia tambuu akadhani tembo. Kwao tambuu haipo; tembo ipo. Na “nilikula” unaweza kuligeuza ukapata “nilitumia”. Namna ilivyotokea naiona.

Bwana Bakari simjui, na umenitukana. Kuhusu hilo “lakini”, sikumbuki. Siku ile tulikuwa na kesi ishirini na tatu.

G. Mramba


Likoni,
6 Mei 1961

Bwana karani,

Hukumbuki, au hutaki kukumbuka?

Jana nimekwenda Changamwe nyumbani kwa Ruwa, yule aliyevunjwa mguu na mume wangu. Nilidhani atanifukuza. Mkewe alinipa kiti. Ruwa alikuwa kortini siku ile, benchi la mbele, na magongo yake. Anasema Matano alisema “lakini”, na wewe ukainua mkono kama mtu anayefukuza nzi. Anasema alijua mtu yule ana neno, naye akangoja alisikie, maana mguu ni wake na alitaka kujua umevunjwa na nini. Halikusikika.

Huyo ndiye mwenye haki ya kumchukia Matano kuliko watu wote, naye anakumbuka.

Mwanatabu


Mombasa,
14 Mei 1961

Bibi Mwanatabu,

Nilianza barua hii mara nne.

Nakumbuka. Alisema “lakini”. Nililisikia vizuri kama ninavyousikia mlango huu ukifungwa. Hakimu alikuwa ameshaweka kalamu chini na kutazama saa. Hakimu huyu mtu akianza kueleza, yeye huniuliza mimi, kwa ukali, “Amekubali au amekataa?” kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha. Nimeshaambiwa mbele ya watu kwamba Kiswahili changu ni kirefu mno. Basi nikamwambia mumeo inatosha, nikageuka nikasema kwa Kiingereza, “Amekubali.” Maneno yake yalikuwa matatu. Nilisema moja.

Hakuna aliyenipa kitu. Ingekuwa afadhali, pengine. Ningekuwa na sababu ya kuieleza.

Sasa nisikilize. Naweza kuapa na kuandika kwamba sikutafsiri maneno yote, na kwamba “kulewa” kwa watu wa pwani si pombe peke yake. Faili likienda kwa hakimu wa juu na karatasi hiyo ndani yake, linaweza kufunguliwa upya. Mimi naweza kupoteza kazi. Hilo nimelifikiri, niachie mwenyewe.

Lakini najua Wazungu wanavyouliza. Watauliza: mtu aliyezoea tambuu tangu ujana, vipi jani moja limwangushe siku hiyo? Na kila nikiyasoma tena maneno ya mumeo nami najiuliza hivyo hivyo. Katika barua zako zote umenidai maneno ya askari, na yangu, na ya Ruwa. Yako hujaniambia hata siku moja. Nani aliifunga tambuu ile? Ilikuwa na nini?

Kama jibu lipo, lazima liandikwe na kutiwa sahihi. Na nikuonye mapema: anayeliandika anaweza kuulizwa na polisi kama alivyoulizwa Matano.

G. Mramba


Likoni,
29 Mei 1961

Babake Mwanarusi,

Uliniuliza mwezi uliopita nami nikakaa kimya. Nilikuletea mkate na sabuni getini siku mbili za wageni, nikarudi bila kuomba kukuona. Niliogopa utaniuliza kwa mdomo.

Tambuu ile niliitia kitu. Ni unga wa mzizi niliopewa na Waridi wa nyumba ya pili. Alisema mume akiula mara tatu atatulia, hatatamani kutoka jioni. Niliuliza kama unadhuru, akasema yeye alimpa mumewe na yuko mzima. Nikatia kiasi cha ncha ya kisu, nikapaka chokaa juu yake, nikafunga. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Kisauni. Nilidhani huko una mke.

Walipokuja kuniambia Matano amegonga mtu, nilijua kabla hawajamaliza kusema. Kisha wakasema alikuwa amelewa, wengine wakasema ni pombe, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Wiki zote zile nilikuwa naomba iwe ni pombe. Nilimwandikia yule karani si kwa kukutetea. Nilitaka aniambie kwa Kiingereza, kwa muhuri wa serikali, kwamba ulikunywa, ili nilale. Kila alipoleta jibu liliniondolea pombe kidogo na kunirudisha mimi.

Baba bado anadai niende kwa kadhi. Nimemwambia anayestahili kuachwa hapa si mwanamume. Hakunielewa, nami sikumfafanulia. Wewe nimekufafanulia.

Kesho kutwa navuka kwenda mjini kuandikisha maneno haya. Sikuombi kitu.

Mwanatabu


Mombasa,
9 Juni 1961

Bibi Mwanatabu,

Karatasi yako na yangu zimekwenda pamoja jana kwa hakimu wa juu.

Uliniuliza ulipokuwa unatoka kwa nini nilikukalisha asubuhi nzima kwa ukurasa mmoja, nami sikuweza kukujibu mbele ya inspekta. Nitakujibu sasa. Ulisema, “Nilitia dawa.” Kwa Kiswahili umesema kitu kimoja. Kwa Kiingereza lazima nichague: lipo neno la dawa ya hospitali, na lipo la kitu cha kumpumbaza mtu, na lipo la sumu. Inspekta alikuwa akinisukumia lile la pili, na la tatu nililiona linakuja. Ndiyo maana nikakuomba useme tena na tena ni kitu gani hasa, mpaka ukaudhika na kusema, “Ni unga wa mzizi, basi!” Nikaandika unga wa mzizi. Hukudanganya, nami sikukuongezea. Na ile sababu yako, kwamba ulitaka mumeo akae nyumbani, nimeiandika yote, ingawa iliambiwa haina maana katika kesi.

Nilikusomea kila mstari kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mimi nimeondolewa kortini. Kuanzia tarehe moja nitakuwa karani wa vitabu ofisi ya nyuma, mahali ambapo hakuna mtu atakayenisemesha. Usiniandikie pole.

G. Mramba


Likoni,
19 Julai 1961

Bwana Gona,

Sikuandikii pole, ulikataza. Nakuandikia kwa kuwa nadhani hakuna atakayekuambia yaliyotokea, huko nyuma walikokuweka.

Hakimu wa juu amelifuta neno la ulevi. Ameandika badala yake kwamba Matano aliendesha bila uangalifu, kwa kuwa alijisikia vibaya ndani ya feri naye akawasha gari badala ya kuita msaada. Ni kweli, na Matano mwenyewe amesema ni kweli. Adhabu imehesabiwa kwa siku alizokaa, na leseni atarudishiwa mwakani akifaulu mtihani. Mimi niliitwa na inspekta mara mbili. Alinitisha kwa jela, kisha akaniacha kwa onyo. Mkalimani wake mpya alisema maneno mafupi sana, nami nikawa namwambia kila mara, “Hukumaliza. Nimesema zaidi ya hayo.” Alinichukia.

Waridi amehama. Baba alikuja, akaketi, akaisikiliza karatasi ya hakimu nikimsomea tafsiri yake ya Kiswahili mstari kwa mstari. Akauliza nani basi aliyemlevya. Nikamwambia ni mimi. Akachukua bakora yake akaondoka, na tangu siku hiyo hajatuma neno.

Matano alitoka Jumatatu. Barua yangu ya Mei hakuijibu, na sikujua kama atakuja kwangu au atashukia kwa nduguze. Nilimsikia mlangoni akipiga hodi, Bwana Gona. Hodi, nyumbani kwake. Mwanarusi akamrukia. Akamwinua, akamweka chini, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, si kile chake. Amekonda. Nikamwambia pole na safari. Akasema nimeshapoa.

Nikamletea maji ya kunywa kwa kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitazama ndani. Hakunitazama mimi, alikitazama kikombe, muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu anavyotazama maji. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Alipotambua, aliona haya, akataka kunywa haraka.

Nikamwambia, “Nipe.” Nikakichukua mkononi mwake, nikanywa nusu, nikamrudishia. Akanitazama sasa. Akanywa iliyobaki.

Chakula cha jioni nilionja kabla yake, na chai ya asubuhi, na leo pia. Hajanikataza. Siku atakayonikataza nitajua, lakini sijui itakuwa lini, nami simharakishi.

Mwanatabu binti Mwidani